Kingo za Sweta la Baba

Mwanangu, ipo siku moja ya kipupwe ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Upepo ulikuwa unavuma, ule upepo wetu wa Ufipa usiojua mlango wala dirisha, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya magunia nyuma ya lori, nimekumbatia furushi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani ya furushi lilikuwamo sweta. Nilikuwa ninampelekea baba yangu. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo inayonitia uchungu mpaka leo. Maumivu mengi mtu huyasahau, lakini hasahau jinsi alivyokuwa akicheka peke yake njiani kabla hayajamfika.

Ngoja nianzie mwanzo, nisije nikakuchanganya.

Baba yangu, Mzee Wenseslaus, alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi huku juu, mtu wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mtoto wake wa kwanza alikuwa kaka yangu Deogratias. Nilipomaliza darasa la saba mwalimu alikuja nyumbani jioni kumwambia baba kwamba nimechaguliwa kuendelea na sekondari. Baba alimkaribisha togwa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema msichana akijua kusoma na kuandika jina lake, hayo mengine atafundishwa na mumewe. Mwalimu akamaliza togwa, akaaga. Wiki ileile nikapelekwa Mazwi, mjini Sumbawanga, nikakae na shangazi nimsaidie kazi.

Shangazi Leokadia alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na aliishi kwa kufuma masweta. Kwa baridi ya kwetu hiyo si kazi ya kufa njaa. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara, na muda wote alikuwa ameketi pale na sindano zake. Sindano nyembamba alizitengeneza kwa spoku za baiskeli, nene alizichonga kwa mianzi akizilainisha kwa kipande cha chupa. Uzi aliupata kwa kununua masweta ya mitumba yaliyochakaa, akayafumua, akaufua, akauanika, akauviringisha upya.

Alikuwa na tabia moja. Kazi ikiwa nzuri alinyamaza. Ikiwa mbaya, hakukugombeza. Alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, na ukisikia wimbo ujue leo unafumua. Mwaka ule wa kwanza nilizijua nyimbo nyingi sana.

Ufumaji aliosifika nao mjini kote ulikuwa ule mnene, ambao alifundishwa akiwa kijana na mtawa mmoja mgeni. Una jina lake la Kizungu, nyinyi watoto wa siku hizi mnanisomea kwenye simu, lakini shangazi aliuita mbavu nene nami naendelea kuuita hivyo. Mstari wa kwanza unafuma kawaida. Wa pili ndipo mambo yanapoanza. Kitanzi kimoja unakifuma, kinachofuata unakihamisha tu, halafu unakipitishia uzi juu yake, kama mama anavyomfunika mtoto shuka. Ukirudi, kile kilichofunikwa unakifuma pamoja na shuka lake, na mwenzake ndiye anayepata zamu ya kufunikwa. Unakwenda hivyo, unarudi hivyo. Kinachotoka ni mbavu zilizosimama, laini, zenye joto, nzuri pande zote mbili.

Katikati nilipashika mapema. Pembeni ndipo paliponishinda. Mkono ukishazoea kufunika vitanzi, unafunika hata kile cha pembeni kabisa, na hicho hakifunikwi. Cha kwanza unakihamisha kikiwa kitupu, uzi ukiwa mbele, kisha unaurudisha uzi nyuma na kuendelea. Cha mwisho unakifuma tu, kila mstari, bila kukikaza wala kukilegeza. Ni maneno machache kuyasema. Lakini kingo zangu zilitoka zimetafunwatafunwa kama sikio la mbuzi aliyepona kwa mbwa.

"Katikati kila mtu anafuma vizuri, Gaude," shangazi aliniambia siku moja huku akivuta uzi na kuitazama kazi yangu ya jioni nzima ikiyeyuka. "Pembeni ndipo mkono unapodhani umeshamaliza."

Na katika mbavu nene huwezi kuziba kosa. Kitanzi kikidondoka kinaondoka na shuka lake, ukikibandika juujuu kinabaki kovu. Inabidi ufumue mpaka pale ulipokosea. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, ingawa nadhani aliyesema hivyo hakuwahi kukaa na shangazi yangu. Angesema zaidi.

Siku ikafika nikafuma kipande kizima, yeye amekaa karibu, na hakuimba. Nikamaliza, nikamwekea magotini. Akakikunjua, akakitazama upande huu na upande ule, akanirudishia na kusema, "Haya. Sasa anza sweta."

Nilikuwa nimeshajua ni la nani. Kila baba alipokuja mjini na ulezi wa kuuza alilala kwa shangazi, na kila alfajiri nilimsikia akikohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na baridi ikizidi alikuwa anajikunyata na koti lililochanika mabegani. Tena vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, nguo ya kuingiza kichwani ilimtesa. Nikaamua liwe sweta la kufungua mbele. Hapo ndipo kingo zilipokuwa jambo zito, mwanangu, kwa sababu katika sweta la kufungua mbele ukingo ndio uso wake. Hakuna pa kuuficha.

"Unamfumia nani?" shangazi akaniuliza aliponiona nachagua uzi wa kahawia uliokuwa bora kuliko wote.

"Baba."

Alikuwa anachonga mwanzi. Akaendelea kuchonga kidogo.

"Mdogo wangu ana kifua," akasema. "Sweta litamsaidia. Mfumie kwa ajili ya kifua. Ukimfumia kwa ajili ya kitu kingine, utaumia."

Sikumwuliza kitu kingine ni kipi, kwa maana nilikijua. Nilitaka baba aniite mbele ya watu, aseme hili kalifuma binti yangu. Basi. Sikutaka hata sekondari tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu nililivunja nikiwa nimeketi, sindano mkononi.

Nililifuma kwa muda mrefu. Nilifuma baada ya kuchota maji, nilifuma ugali ukipoa. Palipokuwa na shaka ya kitanzi kimoja pembeni nilifumua mwenyewe kabla ya kuambiwa. Lilipokwisha, shangazi alilitandika kitandani, akalipigapiga kwa kiganja, akatafuta kwenye kopo lake vifungo vya mbao vilivyofanana, akanipa bila kusema neno. Kesho yake nikapanda lori.

Baba nilimkuta ameketi juani nje ya nyumba, mavuno yameshaingia ghalani, yuko na jirani yetu mmoja mzee. Deo alikuwa pembeni anafunga mizigo. Alikuwa ameanza kazi huko Kasesya mpakani, akibeba mizigo ya wafanyabiashara kwa baiskeli, na siku ile alikuwa anaondoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Dada hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Baba, nimekuletea kitu."

Nikafungua furushi, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. Akalikunjua. Akaliinua juani. Kisha, mwanangu, nikamwona akipitisha kidole gumba kwenye ukingo, kuanzia shingoni mpaka chini, taratibu, na kidole hakikukwama popote.

"Dada bado ana mkono," akasema.

"Si shangazi, baba. Nimelifuma mimi."

Akamtazama jirani, akatabasamu kama mtu aliyesikia jambo la kitoto. "Wewe umemshikia uzi, Gaudensia. Kazi hii ni ya mtu mzima."

"Watoto wanajifunza, Wense," jirani akasema kwa upole. "Wana vidole vyepesi."

Baba akageuka. "Deo, hebu jaribu hili. Kule asubuhi ni baridi."

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Baba, nimekufumia wewe. Kwa ajili ya kifua."

Naye hakukasirika. Ningependa kukuambia alikasirika, ingekuwa rahisi kidogo. Alinijibu kwa utulivu kama anavyomjibu mtu aliyeuliza bei ya ulezi. "Kifua changu nimekizoea. Mtoto akimletea baba kitu, kimekuwa cha baba, na baba humpa amtakaye. Au umeniletea kwa masharti?"

Ningesema nini? Masharti nilikuwa nayo, tena mazito, ila yalikuwa ya moyoni, hayatamkiki mbele ya watu. Nikasema hapana, baba. Deo akalivaa. Lilimkaa vizuri kweli. Akasema asante mdogo wangu, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Jikoni mama alinipakulia ugali wa ulezi na maharage, akaketi karibu yangu akanitazama nikishindwa kula. "Ndivyo alivyo baba yako," akasema. Maneno hayo alikuwa akituambia tangu tukiwa wadogo, kwa kila jambo, na nadhani hata yeye aliambiwa na mkwewe siku alipoolewa.

Nilirudi Mazwi. Shangazi aliona mikono mitupu na uso wangu, akanipa uzi wa kuviringisha. Msimu wa mvua ulikuwa umeshaanza Deo alipopita kutusalimu. Alikuwa ndani anakunywa chai, mimi nikatoka nje kumwaga maji, nikaiona baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Kwenye karia kulikuwa na kitu kimekunjwa na kufungwa kwa mpira. Rangi ya kahawia. Nikakigusa kabla sijataka kukigusa.

Mikono ya sweta haikuwapo. Ilikatwa kwa kisu, mahali palipokatwa uzi umening'inia. Palipobaki pamelowa grisi na matope. Nikautafuta ukingo wa mbele, nikaunyoosha. Ulikuwa bado umenyooka.

Deo akatoka akanikuta nimesimama pale. "Mikono ilinibana nikipiga pedali, nikaitoa," akasema. "Lakini mwili wake unafaa sana. Mzigo hautelezi."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningempiga na ndoo. Alikuwa ananisifia, masikini, anadhani nitafurahi kwamba kazi yangu haikupotea bure.

Sasa sikiliza ujinga wa moyo. Jioni ileile nilianza sweta jingine la baba. Nilijiambia kwamba lile la kwanza labda shingo yake ilikaa vibaya. Labda rangi ilikuwa ya kijana. Labda angeniona nafuma mbele yake angeamini. Nilifuma kwa hasira na kwa matumaini pamoja, na nakuambia, kingo zake zilikuwa safi kuliko za lile la kwanza.

Asubuhi moja shangazi alikuja akasimama mbele yangu. Akanyoosha mkono, nikampa kazi. Akaitazama kwa makini, mstari kwa mstari, akaipeleka mpaka mlangoni kwenye mwanga.

"Onyesha kosa," akasema.

Nikatafuta. "Hakuna, shangazi."

"Na lile la kwanza?"

"Halikuwa na kosa."

"Basi ukimfumia la pili unasahihisha nini?"

Akaichomoa sindano, akashika ncha ya uzi, akaanza kufumua. Hakuimba. Alifumua kipande chote mpaka mwisho, uzi ukijaa miguuni pake, na nilipoanza kulia hakunibembeleza. Aliketi, akasema kwa Kifipa, lugha aliyoitumia alipokuwa hataki maneno yapotee njiani:

"Baba yako nimembeba mgongoni mimi. Mama yetu alipougua, nililima shamba ili yeye ale. Nilipofiwa na mume wangu alikuja msibani, akala, akalala, asubuhi akaniambia nisifikirie kurudi nyumbani kuongeza midomo ya kulisha. Nilirudi humu ndani nikakaa miaka nikijiuliza nilikosea wapi. Nilipitia kila kitu, Gaude, kama ninavyopitia sweta la mteja. Sikuona kosa. Wako watu ambao kazi yako haiwafikii, hata iwe nzuri namna gani. Ukijua hivyo mapema utabaki na mikono yako. Ukichelewa, watakumaliza."

Kisha akasema nikaanike uzi, unafaa kwa sweta la mtoto wa jirani.

Huko ndiko kukemewa kulikonifaa kuliko mahubiri yote niliyosikia. Lakini sitakudanganya kwamba kuliniponya. Jeraha likioshwa linaacha kuoza, halafu unabaki nalo likiwa safi.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, kazi ya sindano ikanilelea watoto. Shangazi tulimzika. Mama naye akatangulia. Deo alihamia ng'ambo ya mpaka, salamu zikawa za nadra, kisha zikakoma. Baba alipozidiwa na kifua, waliomleta kwangu ni majirani, ili awe karibu na hospitali. Akakaa kwangu Mazwi, kwenye chumba kinachopata jua la asubuhi.

Mchana aliketi barazani. Wateja walipita mbele yake wakiingia na kutoka, wakishika masweta yangu, wakiyageuza, wakiyasifu, na mabinti niliowafundisha walikaa pembeni yake wakifuma mbavu nene. Aliyaona yote hayo. Siku moja upepo ulipozidi akaniita.

"Gaudensia, hapa kwenu kuna baridi. Huna sweta?"

Nikasimama nikangoja. Nilitaka aseme neno moja tu, nifumie. Alikuwa amezungukwa na uzi, miguuni kwake kulikuwa na bonge zima, na hakulisema. Nikatazama mikono yangu, nikajua haitaki. Nikavaa kitenge changu, nikaenda mnadani, nikachagua kwenye rundo la mitumba sweta moja la kijivu, zito, la kiwandani. Nikalifua, nikalianika, nikampa.

Akalivaa mwenyewe. Akafunga zipu mpaka kidevuni. Akajipapasa kifua.

"Asante, mwanangu," akasema. "Hili ni sweta."

Neno lile nililingoja tangu ujana wangu, nalo likaja kwa sweta la mtu nisiyemjua, lililofumwa na mashine. Nikamwambia, "Haya, baba." Nikaenda jikoni nikamenya viazi. Alilivaa mpaka Mungu alipomchukua, nami nikamfulia kila lilipochafuka.

Watu wamewahi kuniuliza, wewe fundi mzima baba yako akafa na sweta la mtumba? Sina jibu linalowapendeza. Asante ya punda ni mateke, lakini mimi sikupigwa hata teke. Kama nilikosea, Mungu atanionyesha huko. Hapa duniani bado sijajuta, na hilo nalo linanitisha kidogo nikilala.

Basi, mwanangu, nikuambie ninachotaka ukishike, maana sikukukalisha hapa kwa ajili ya kulia. Jifunze kazi yako mpaka pembeni. Usifanye katikati vizuri ukaharakisha mwisho. Kitanzi cha kwanza kihamishe kitupu, cha mwisho kifume, na ukikosea fumua, hata kama kuna watu wanakutazama. Kazi safi ni yako hata akiichukua mwingine, na itakulisha siku ambayo hao uliowafanyia hawatakujua.

Lakini usiifanye kazi iwe ombi. Ukitaka baba akupende, ukitaka mume akuheshimu, mama mkwe akukubali, mwambie kwa mdomo wako, hata ukitetemeka. Akikukatalia utalia mara moja ukanyamaza. Ukimwomba kwa sweta, kwa chakula, kwa shamba ulilomlimia, hatajua kuwa ameombwa, nawe utangoja mpaka nywele zigeuke. Wanasema tenda wema nenda zako. Mimi nakuongezea: uende kweli. Ukijiona bado umesimama mlangoni unachungulia kama umeonekana, ule haukuwa wema, ulikuwa njaa, na njaa hutafutiwa chakula mahali penye chakula. Asiyekujua hakuthamini, na kuna asiyekujua akiwa amekuzaa.

Na siku moja ukiwa wewe ndiye mzazi, mtoto akakuletea kitu mikononi, hata kama kimepinda, kivae kwanza. Maneno yatafuata.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde kifua na baridi, akulinde moyo na kungoja kusiko na mwisho. Akupe mikono isiyochoka, na miongoni mwa watu wako akujalie hata mmoja wa kukuambia asante ukiwa bado unaweza kuifurahia. Amina.